Mfuko wa kupimia damu leba: tutajuaje kama umesaidia mama, au umetuonyesha tu tusichokuwa tukikiona?

leba_zamu_ya_usiku

Wakuu, habari za kazi. Naomba mawazo ya waliobobea kwenye uzazi na kwenye takwimu.

Hospitali ni ya wilaya, Tanzania bara. Wanaojifungua kwa njia ya kawaida ni 250 hadi 300 kwa mwezi. Mchana kuna wakunga watatu, usiku wawili na mhudumu mmoja, na daktari wa zamu huitwa kutoka nyumbani. Damu inayotoka baada ya mtoto kuzaliwa inakadiriwa kwa macho. Kitabu cha 12 cha MTUHA (rejista ya wanaojifungua) kinaonyesha PPH, yaani kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, ni chini ya wazazi 2 kwa kila 100.

Tumepata shuka za plastiki za kulalia mama zenye mfuko wa koni na alama za mililita. Mpango ni kuchukua rejista ya miezi 6 iliyopita, kuanza kutumia mifuko, kuchukua rejista ya miezi 6 ijayo, kisha kulinganisha idadi ya PPH. Ikipungua, tunaandika ripoti.

Maswali yangu: mpango huu unasimama? Tuandike vitu gani kwenye fomu? Na nani anaruhusiwa kuanzisha matibabu, maana kwa sasa mkunga humsubiri daktari aandike?

takwimu_na_kahawa

Haujasimama, na afadhali ujue sasa kabla hujachapisha fomu.

Jicho hupunguza damu. Iliyolowa kwenye kitenge, iliyoingia kwenye ndoo yenye maji, iliyojificha chini ya makalio, zote hazihesabiwi, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo jicho linavyokosea zaidi. Kwa hiyo ile 2 kwa 100 ya rejista ni idadi ya PPH zilizoonekana tu. Ukiweka mfuko, mwezi wa kwanza PPH zinaweza kuongezeka mara mbili au tatu bila mama hata mmoja kutoka damu zaidi ya zamani. Mganga mfawidhi ataona mstari unapanda na atauliza mmefanya nini leba. Umebadilisha rula katikati ya kupima, halafu unasema kitambaa kimerefuka.

Angalia walivyolikwepa hilo kwenye E-MOTIVE, jaribio lililofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa 2023. Hospitali 80 ziligawanywa kwa kura, wazazi zaidi ya 210,000, wote wa njia ya kawaida, upasuaji haumo. Pande zote mbili mama aliwekewa mfuko. Upande wa mpango mpya mfuko ulikuwa na alama, na aliyetoka damu nyingi alipewa matibabu yote kwa pamoja. Upande wa huduma ya kawaida mfuko haukuwa na alama, mkunga akaendelea kukadiria kwa macho kama siku zote, kisha mfuko ukapimwa kwenye mizani baadaye. Rula ikawa moja.

Ndipo matokeo yakawa na maana. PPH nzito ya mililita 1,000 au zaidi, au kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, au kifo cha kutokwa damu, vikijumlishwa: asilimia 1.6 upande wa mpango mpya, 4.3 upande wa kawaida. Ila namba za kusoma mara mbili ni hizi: PPH zilitambuliwa asilimia 93.1 dhidi ya 51.1, na waliopata matibabu yote kwa pamoja walikuwa asilimia 91.2 dhidi ya 19.4. Yaani kwa uangalizi wa kawaida karibu nusu ya waliokuwa wanatoka damu hawakuonekana, na hata walioonekana wengi walitibiwa kipande kipande.

Tahadhari moja kabla hamjaenda kwa RMO (mganga mkuu wa mkoa) na ahadi kubwa: nafuu ile ilitokana hasa na kupungua kwa damu ya zaidi ya mililita 1,000. Vifo peke yake vilikuwa vichache mno kutoa jibu la uhakika, na hospitali 78 zilizobaki kwenye hesabu hazikutosha. Hospitali moja kwa miezi 6 ndiyo kabisa. Msiweke vifo kama kipimo kikuu.

Mkunga_Mwandamizi

Takwimu ameshamaliza upande wake, mimi niseme ya kitandani.

Mfuko haumtibu mtu. Vituo vingi hupokea mifuko, huifungua, damu hukusanyika vizuri kabisa, halafu hakuna anayeisoma mpaka saa nzima ipite. Kinachotibu ni kusoma kila dakika 15 na kuwa na ruhusa ya kuchukua hatua.

Kuweka: shuka liwe tayari chini ya mama, lakini koni ifunguliwe mtoto akishatoka na maji ya chupa yakishamwagika, vinginevyo unapima maji ya uzazi. Makalio yakae ukingoni mwa sehemu iliyokatwa kwa ajili ya koni, mkanda ufungwe kiunoni. Kitanda kikilalia upande wa kichwa, damu hurudi mgongoni na koni hubaki tupu huku mama analoa. Ukiona koni ina mililita 100 na kanga ya chini imelowa, ndilo tatizo. Kibofu kitolewe mkojo mapema. Kibofu kilichojaa husukuma kizazi juu na kukizuia kujikaza, na mkojo ukimwagikia mfukoni unaharibu kipimo.

Kusoma: dakika ya 15, 30, 45 na 60 tangu mtoto kuzaliwa. Kila mara vitu vitano: damu kwenye koni, mapigo, presha, ugumu wa kizazi ukigusa chini ya kitovu, na mtiririko (unachuruzika, unadondoka, au umesimama). Kwa wazazi 10 kwa siku hiyo ni mizunguko 40. Msijidanganye kwamba itaingia yenyewe kwenye ratiba ya watu wawili. Lazima mpange ni nani anazunguka wakati mwenzake anapokea mtoto mwingine. Mhudumu anaweza kufundishwa kusoma alama ya koni na kupiga kelele. Presha na kizazi ni kazi ya mkunga.

Kuanza matibabu: mililita 500 hata kama mama anacheka. Mililita 300 ikiwa kuna dalili yoyote mbaya, kwa mfano mapigo zaidi ya 100 au presha ya juu (ile namba ya kwanza) chini ya 100. Mwongozo wa Oktoba 2025 wa Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirikisho ya kimataifa ya wakunga na ya madaktari wa wanawake umelisisitiza hili la 300. Na mkunga akiona mama hayuko sawa, anaanza hata kabla ya 300. Gawanya mapigo kwa presha ya juu: mapigo 110, presha 100/60, unapata 1.1. Ikivuka 1 usisubiri koni ijae. Mama mwenye upungufu wa damu tangu kliniki huanguka mapema, mililita 400 zinaweza kumtosha.

Kuhusu nani anaanzisha: mpate agizo la kudumu lililosainiwa na mganga mfawidhi na matroni, libandikwe ukutani leba, linalosema mkunga wa zamu anaanzisha hatua zote tano (kukanda kizazi, oksitosini ya kukaza kizazi, TXA ya kusaidia damu kuganda, maji ya mshipani, na uchunguzi) bila kusubiri maandishi ya daktari. Daktari anapigiwa simu mama akiwa tayari na dripu. Bila karatasi hiyo wakunga wataendelea kusubiri, kwa sababu wanajua nani ataulizwa mambo yakiharibika.

leba_zamu_ya_usiku

Asanteni sana. Agizo la kudumu hatukuwa nalo, tutalifuatilia wiki hii.

Hatua tano mnafuata mpangilio gani mkunga akiwa peke yake usiku, mwenzake yuko na mama anayesukuma? Na hapa dozi zinatofautiana kila zamu, hasa TXA.

Lingine, kwa Takwimu: ina maana miezi ya mwanzo tufiche alama za mfuko na tuwaache wakunga wakadirie kwa macho huku tunajua? Hiyo inanisumbua.

Mkunga_Mwandamizi

Sista, akiwa peke yake: kwanza sauti. Mhudumu alete sanduku la dharura na oksitosini ya kwenye friji. Wakati huohuo mkono mmoja uko juu ya kizazi, unakanda mpaka kigumu au kwa dakika moja, si zaidi. Watu hukanda dakika kumi huku hakuna dawa iliyoingia, mkono umechoka na damu inaendelea. Dakika moja ikiisha, kanula, saizi 16 au 18. Kama mama alikuwa nayo tangu leba, umeokoa dakika tatu.

Kisha oksitosini, kisha TXA, maji yakiwa yanaingia, kisha uchunguzi: kibofu, kondo la nyuma limekamilika au limebaki kipande, mabonge mlangoni, mchaniko wa msamba, uke na mlango wa kizazi. Mchaniko ndio unaosahaulika kuliko vyote. Kizazi ni kigumu kama jiwe, damu nyekundu inatoka mfululizo, na watu wanaongeza oksitosini. Kizazi kigumu na damu inaendelea, tafuta taa uangalie chini.

Mpangilio huo si wa kusubiriana. Mwenzako akifika, mmoja anabaki na kizazi na uchunguzi, mwingine anachukua mshipa na dawa, na mhudumu anaandika saa kwenye karatasi iliyobanwa kwenye ubao. Lengo ni vyote vitano viwe vimeanza ndani ya dakika 15. Zikipita na damu bado, hapo ni kuita juu: daktari, chumba cha upasuaji, damu ya kuongezewa, au gari la rufaa. Kama mna ile nguo ya kubana miguu na tumbo, mama avalishwe kabla ya kupanda gari.

mfamasia_wa_wilaya

Nijibu la dozi, kwa kuwa makosa mengi yanaanzia stoo kabla hayajafika leba.

Oksitosini ya kuzuia: uniti 10 msulini, au mshipani polepole, mara mtoto akishatoka na mmehakikisha hakuna pacha. Hiyo mama keshapata. PPH ikitokea bado anapewa ya kutibu, msiseme "alishachomwa". Ya kutibu kwa mpangilio wa E-MOTIVE: uniti 10 kwenye maji ya mililita 200 hadi 500, ziingie kwa dakika 10, halafu uniti 20 kwenye lita 1 kwa saa 4. Lita 1 kwa saa 4 ni mililita 250 kwa saa. Kwa seti ya matone 20 kwa mililita ni kama matone 83 kwa dakika, shikeni 80 hadi 85. Msisukume uniti 10 kwa sindano mshipani kwa mkupuo, presha huanguka ghafla kwa mama ambaye tayari amepungukiwa.

TXA: gramu 1. Ampuli nyingi zinazokuja ni miligramu 500 kwenye mililita 5, kwa hiyo ni ampuli mbili. Tofauti mnayoiona kati ya zamu huenda inatoka hapa, mmoja anavunja moja na mwingine mbili. Changanya kwenye mililita 200, iingie kwa dakika 10. Damu ikiendelea baada ya dakika 30, au ikirudi ndani ya saa 24, gramu 1 nyingine. Ianze ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Baada ya hapo faida haipo. Jaribio la WOMAN, wanawake 20,060, lililochapishwa 2017, lilionyesha waliopata ndani ya saa 3 vifo vya kutokwa damu vilipungua kwa asilimia 31. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha faida inapungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila dakika 15 za kuchelewa. Ndiyo maana haifai kuwa dawa ya mwisho baada ya vingine kushindwa, kama ilivyozoeleka.

Hatari moja ambayo haisemwi vya kutosha: ampuli za TXA zinafanana na baadhi ya ampuli za dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Ikichomwa uti wa mgongo kwa makosa, mgonjwa hupata degedege na wengi hufa. Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari 2022. TXA isikae kwenye troli la ganzi wala droo moja na bupivakaini, dawa hiyo ya ganzi. Ya leba ikae kwenye sanduku la PPH leba, ya upasuaji ikae mbali na meza ya mtoa ganzi.

Oksitosini ikae nyuzi 2 hadi 8. Hapa ndipo utafiti wenu unaweza kuharibika bila mtu kujua: friji ikizimika wikiendi, dawa hupoteza nguvu, PPH zinaongezeka, na nyinyi mnadhani ni mfuko au ni wakunga. Ingizeni joto la friji kwenye takwimu zenu asubuhi na jioni, pamoja na namba ya toleo la ampuli. Msiache ampuli kwenye trei ya leba "kwa dharura", zinakaa juani wiki nzima. Kwenye sanduku wekeni kadi inayosema oksitosini iko friji ipi, rafu ipi. Kabetosini isiyohitaji baridi inasaidia kwenye kuzuia, mikrogramu 100 mara moja, lakini hii ni ya kuzuia, ya kutibu bado ni oksitosini. Kama oksitosini haipo au haiaminiki, misoprosto mikrogramu 800 chini ya ulimi, vidonge vinne vya 200. Egometrini nayo hukaza kizazi lakini hupandisha presha, kwa hiyo uliza presha kwanza.

daktari_wa_mkoani

Nitofautiane na Takwimu kidogo hapo kwenye kuficha alama, na naona mwuliza swali ameshanusa.

E-MOTIVE walipoanza, hakuna aliyejua jibu. Leo jibu lipo, na tangu Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kupima damu kwa kifaa na kutoa matibabu kwa kifurushi. Kumwekea mama mfuko uliozibwa alama na plasta, mkunga akose kuona mililita 700, kisha sisi tupime kwenye mizani baada ya saa moja, kamati ya maadili itauliza swali moja tu na hamtakuwa na jibu.

Njia nyingine ni kutumia matokeo yasiyotegemea mfuko. Kuongezewa damu kunarekodiwa maabara hata bila mfuko. Kufunguliwa tumbo kwa damu kuko kwenye rejista ya upasuaji. Rufaa kwa ajili ya damu iko kwenye kitabu cha gari. Haya yalikuwepo miezi 24 iliyopita na yatakuwepo miezi 24 ijayo kwa rula ileile. Ongezeni Hb (kipimo cha wingi wa damu) ya siku ya pili, mkilinganisha na ile ya mwisho kwenye kadi ya kliniki.

takwimu_na_kahawa

Nakubali kwenye maadili, dokta. Nilieleza jaribio lilivyofanyika, ila sikusema nini kifanyike leo kwenye hospitali moja, na hilo ni pungufu langu. Sikubali kwamba vipimo hivyo vina rula moja, hata hivyo. Kuongezewa damu kunategemea damu ipo benki au haipo. Mwezi wa shule kufungwa wachangiaji hupungua na waongezewaji hupungua, si kwa sababu akina mama wamepona. Pia mfuko ukionyesha 900 daktari anaagiza damu ambayo zamani asingeiagiza. Hb nayo: mama aliyeingiziwa lita 3 za maji Hb yake hushuka kwa kuzimuliwa, na wengi wanaruhusiwa ndani ya saa 24, hivyo watakaobaki kupimwa ni wale wagonjwa zaidi. Tumieni, lakini andikeni pia idadi ya chupa za damu zilizoombwa na zilizopatikana, na pimeni Hb saa 20 hadi 24 kwa wote, si kwa waliobaki.

Kama mnaweza kushawishi vituo jirani, suluhisho zuri zaidi ni kuanza kwa zamu. Vituo 6, kila baada ya miezi 2 kimoja kinaingia, mpangilio kwa kura. Kila kituo kinapata mfuko, hakuna anayenyimwa milele, na mifuko yenyewe mara nyingi haitoshi kuanza kote siku moja. Vinavyosubiri vinabaki na huduma vilivyonayo.

Hesabu sasa, kwa sababu watu huzikwepa. Kama PPH nzito ni asilimia 4 na mnatarajia ishuke hadi 2, kwa nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti ikiwa ipo kweli) mnahitaji takriban wazazi 1,140 kila upande, kama kila mama angekuwa amechaguliwa peke yake. Kwa wazazi 280 kwa mwezi ni kama miezi minne na kidogo kila upande, inaonekana rahisi. Lakini mkigawa kwa vituo, akina mama wa kituo kimoja wanafanana: wakunga walewale, friji ileile. Vituo vyenye wazazi 200 kila kimoja, kufanana kwa 0.01 tu, zidisha kwa 1 + 199 × 0.01, karibu mara 3. Ile 1,140 inakuwa zaidi ya 3,400. Hospitali moja peke yake itumie mfululizo wa miezi, angalau alama 12 kabla na 12 baada, na muangalie kama mstari umevunjika mahali mfuko ulipoanza au ulikuwa unashuka tangu awali.

Kwa miezi 6 yenu, kipimo kikuu kiwe cha kazi: asilimia ya wazazi wenye vipimo vyote vinne ndani ya saa ya kwanza, na asilimia ya waliofika kizingiti waliopata hatua zote tano ndani ya dakika 15. Hivi vinabadilika upesi na hospitali moja inaweza kuvionyesha. Ila msivigeuze kuwa matokeo ya mama. Jaribio la BetterBirth, kule Uttar Pradesh, India, vituo 120, lilichapishwa 2017: wakunga walifundishwa kutumia orodha ya ukaguzi na wakasimamiwa, wakafanya mengi zaidi ya yaliyokuwemo. Vifo na madhara makubwa kwa mama na mtoto vikabaki palepale, asilimia 15.1 kwao na 15.3 upande wa huduma ya kawaida. Kazi iliboreka, matokeo hayakutikisika.

kliniki_officer_pwani

Swali la haraka kutoka upande wa Kenya: kama TXA ina faida hivyo, mbona tusiwape wote mtoto akitoka tu, tuachane na mfuko?

mfamasia_wa_wilaya

Ilijaribiwa. WOMAN-2, wanawake 15,068 wenye upungufu wa damu wa kati na mkali huko Pakistan, Nigeria, Tanzania na Zambia, ikachapishwa 2023. Waliopata TXA mara baada ya kujifungua walipata PPH asilimia 7.0, waliopata dawa bandia 6.6. Kuzuia haikuzuia. Inatibu anayetoka damu, kwa hiyo bado inabidi umjue anayetoka damu.

Mkunga_Mwandamizi

Fomu, maana hakuna aliyeijibu sawasawa.

Ukurasa mmoja, upande mmoja. Ikizidi hapo itajazwa asubuhi kwa kumbukumbu. Saa ya kuzaliwa mtoto, saa ya oksitosini ya kuzuia, mistari minne ya dakika 15, kisha sehemu ya PPH yenye saa tano: kukanda, oksitosini, TXA, maji, uchunguzi. Saa ya sifuri iwe ile damu ilipofika kizingiti kwenye kipimo, si saa mkunga alipoandika neno PPH. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mnayoitafuta, mkiifuta hakuna utafiti. Chini: uzito wa mfuko, kiini cha damu (kizazi, kondo, mchaniko), chupa za damu, rufaa, hali ya kuondoka.

Mizani ya jikoni ya kidijitali inatosha, ya kilo 5 inayosoma gramu 1. Pimeni mifuko mitupu kumi, andikeni wastani. Mkipata shehena mpya pimeni tena, plastiki hubadilika unene. Mililita 1 ya damu ni kama gramu 1.05. Mfuko wenye damu ukisoma gramu 742, mtupu 118, damu ni gramu 624, yaani mililita 594. Pamba zilizolowa nazo zipimwe, mkiondoa uzito wa kavu. Mama akihamishiwa wodi ya wazazi kabla ya saa moja, mfuko huondolewa mapema na damu ya dakika 20 za mwisho inapotea. Msimhamishe, au andikeni mfuko umetolewa dakika ya ngapi. Damu ikiwa bado inaendelea saa moja ikiisha, mfuko ubaki mpaka zitimie saa mbili tangu kujifungua.

takwimu_na_kahawa

Nyongeza kwenye hiyo fomu, mtanishukuru wakati wa kuingiza takwimu.

Kila mwisho wa wiki chora idadi ya wazazi kwa kila mililita zilizoandikwa. Mkiona rundo kubwa kwenye 450, 480 na 490, halafu shimo kuanzia 500, watu wanakwepa kizingiti. Linganisha na mizani: koni imeandikwa 480, mizani inasema 640. Mara nyingi si uvivu. Kila PPH ina kikao cha maelezo asubuhi, na mkunga aliyetoka zamu ya saa 12 anataka kwenda kulala. Ondoeni kikao cha kuhojiwa kwa kila mililita 500, kibakizeni kwa 1,000 na kwa vifo, rundo litapungua. Presha zote zikiwa 110/70 na 120/80, mapigo yote 80 na 84, hivyo havikupimwa. Mapigo halisi huishia kwa tarakimu zote.

Chagueni siku mbili kwa mwezi, mtu asiye wa leba akae saa nne akihesabu ni vipimo vingapi vimefanyika kweli, kisha alinganishe na fomu. Matroni asiwe ndiye, wataigiza.

Vibali: hata mkiuita uboreshaji wa huduma, mkitaka kuchapisha mnahitaji kibali cha maadili kabla ya mama wa kwanza, kwa Tanzania kupitia NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) au kamati ya chuo inayotambuliwa, pamoja na barua ya mkoa na halmashauri. Kwa ndugu yetu wa Kenya ni kamati ya maadili pamoja na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kibali hakirudi nyuma kufunika takwimu mlizokwisha kukusanya. Jina la mama lisiingie kwenye kompyuta, namba ya utafiti tu, na daftari linalounganisha namba na jina lifungiwe kabatini kwa mganga mfawidhi.

leba_zamu_ya_usiku

Nimeelewa, tunaanza na vipimo vya kazi kwa miezi 6 huku tunaandikia vituo vitano jirani kuhusu kuanza kwa zamu. Saa kwenye fomu tuandike vipi? Naona wengine wanaandika 20:15, wengine 2:15 usiku.

takwimu_na_kahawa

Chagueni moja leo, ichapishwe juu ya fomu kwa herufi kubwa, na saa ya ukutani leba isetiwe hivyohivyo, si simu ya kila mtu. Mkichanganya, mtoto atazaliwa 20:10 na oksitosini itaingia 2:11, kompyuta itasema dawa ilitolewa saa sita baadaye au saa kumi na nane kabla. Wekeni visanduku vinne vya tarakimu vya mfumo wa saa 24, na aliye na shaka aongeze sita kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, au kumi na nane kuanzia saa moja usiku mpaka saa tano. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi apunguze sita, yaani saa sita usiku ni 00.